Ni Nani Aliyekosa: Mtoto, Baba au Mama?

Masomo: Mwanzo 30:31-43 na 31:10-12, Ezekieli 18:1-4, Yohana 9:1-7



 

Kila mwaka tunawaaga vijana waendao vyuo vikuu. Tunawaita mbele, tunawaombea, na wazee huwapa nauli kidogo na maonyo mengi. Wengine huenda kusomea ualimu, wengine sheria, wengine uhasibu. Siku hizi wapo pia wanaosomea elimu ya urithi, ambayo chuoni huitwa jenetiki. Hapo wazazi huuliza maswali mawili. La kwanza huulizwa kwa sauti kubwa: elimu hiyo itampatia kazi gani? La pili huulizwa kwa sauti ya chini: je, haitamwondolea imani?

Maswali hayo yote ni halali, nasi tutayajibu. Lakini liko swali la tatu, zito kuliko hayo. Halimhusu kijana aliyepanda basi kwenda chuoni tu. Latuhusu zaidi sisi tuliobaki nyumbani. Ndilo swali ambalo wanafunzi walimwuliza Bwana Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu: ni nani aliyekosa hata akazaliwa hivi?

ELIMU HII NI NINI?

Jenetiki ni elimu ya kuchunguza kwa nini watoto wanafanana na wazazi wao, na kwa nini mara nyingine hawafanani nao. Wafugaji wa Mara wameijua nusu ya elimu hii tangu zamani. Hakuna mzee mwenye akili ambaye huchagua dume la zizini kwa kubahatisha. Humtazama mama yake, hukumbuka maziwa yake, huuliza habari za ndugu zake. Nao wazee wetu, kabla ya posa, walipeleleza ukoo wa pili kwa uangalifu ule ule.

Aliyeigeuza hekima hiyo kuwa elimu ya hesabu alikuwa mtawa, jina lake Gregor Mendel. Aliishi katika nyumba ya watawa huko Brno, mji ulio leo katika nchi ya Cheki. Kwa miaka kama minane, tangu 1856 hata 1863, alipanda njegere katika bustani ya watawa na kuzihesabu kwa uvumilivu mkubwa. Katika jaribio moja alihesabu mbegu 7,324. Kati ya hizo, 5,474 zilikuwa laini na 1,850 zilikuwa zimekunjamana. Yaani karibu tatu kwa moja. Akaona kwamba kila mmea hupokea sehemu mbili za urithi, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama, na kwamba sehemu moja yaweza kufichwa na mwenzake, isionekane kabisa, hata itokee tena kwa wajukuu. Alichapisha habari hizo mwaka 1866. Watu wachache walizitia maanani. Alikufa mwaka 1884, na dunia ikaja kumwelewa mwaka 1900.

Basi mzazi anayeogopa kwamba elimu hii ilizaliwa na watu wasiomcha Mungu, na ajue kwamba ilizaliwa katika bustani ya mtu wa sala.

Kuhusu kazi, yatosha kutaja mbili. Mkulima wa Bunda apandapo mbegu ya pamba, anapanda kazi ya mikono ya wachaguzi wa mbegu wa Ukiriguru, ng'ambo ya Mwanza. Kazi hiyo ni jenetiki. Na mgonjwa apelekwapo Bugando au Muhimbili, damu yake ikapimwa ili ijulikane amerithi nini, kazi hiyo nayo ni jenetiki. Lakini iko sababu nyingine ya kututaka sisi wa Mara tuisikilize elimu hii.

MUSOMA KATIKA KITABU CHA CHUO

Mwanafunzi wa jenetiki, awe Dar es Salaam, awe London, awe Chicago, hufika mahali katika masomo yake ambapo hufundishwa kuhesabu urithi wa watu wengi kwa pamoja. Kanuni yake ilitolewa mwaka 1908 na watu wawili, kila mmoja kwa nafasi yake: Hardy, mwana-hesabu wa Uingereza, na Weinberg, daktari wa Ujerumani. Ili ajizoeze, mwanafunzi hupewa hesabu za watu halisi. Na mojawapo ya hesabu zinazotumika sana duniani kwa somo hilo ni hesabu za Musoma.

Ni habari ya kweli. Zilichapishwa mwaka 1956 na daktari Anthony Allison. Huyu alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akakulia Kenya katika Bonde la Ufa. Mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi huko Oxford, alijiunga na safari ya wenzake wa chuo kwenda Mlima Kenya, naye akaitumia nafasi hiyo kupima damu za watu wa makabila mbalimbali. Akaona jambo la ajabu. Ule urithi wa damu uletao ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu huuita siko seli, ulikuwa mwingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, hata kufikia watu zaidi ya 20 katika kila 100. Lakini katika nchi za juu zenye baridi ulikuwa haba mno. Akajiuliza: kuna nini pwani na ziwani ambacho milimani hakipo? Jibu twalijua sote. Kuna mbu. Kuna malaria.

Kabla ya kusema alichokiona Musoma, yafaa tueleze ugonjwa wenyewe. Ndani ya damu yetu mna chembe nyekundu, mviringo, laini, zipitazo kila mahali mwilini. Mwenye selimundu chembe zake hujikunja zikawa na umbo la mundu wa kukatia mtama. Zikiwa hivyo hukwama katika mishipa midogo. Hapo huja maumivu makali ya mifupa, mikono na miguu ya mtoto mchanga huvimba, macho huwa ya manjano, na damu hupungua, kwa kuwa chembe ambayo ilipasa kuishi siku 120 hufa baada ya siku 10 au 20. Na chanzo chake ni kitu kidogo mno. Katika maandishi ya urithi wa mwanadamu, ambayo yana herufi zipatazo bilioni 3, ni herufi moja tu iliyobadilika.

Wataalamu huita urithi wa kawaida A, na urithi uliobadilika S. Aliyepokea A kwa baba na A kwa mama, ni AA. Aliyepokea A kwa mmoja na S kwa mwingine, ni AS. Huyu kwa kawaida haugui selimundu, huishi miaka yake yote bila kujua. Aliyepokea S kwa baba na S kwa mama, ni SS; huyu ndiye mgonjwa.

Sasa tazameni hesabu za Musoma, na Musoma ya siku zile ilikuwa wilaya kubwa kuliko ya leo. Walipimwa watoto wachanga 287. Kati yao 189 walikuwa AA, 89 walikuwa AS, na 9 walikuwa SS. Wakapimwa na watu wazima 654. Kati yao 400 walikuwa AA, 249 walikuwa AS, na 5 tu walikuwa SS.

Mwanafunzi hupewa kalamu aone tofauti. Kwa watoto, wenye AS ni 31 katika kila 100. Kwa watu wazima wamepanda kuwa 38. Kwa watoto, wenye SS ni 3 katika kila 100. Kwa watu wazima hawafiki hata mmoja. Kama watu wazima wangelingana na watoto, tungetazamia SS kama 20. Walipatikana 5.

Kwa mwalimu wa chuo hilo ni zoezi zuri. Kwetu sisi ni zaidi ya zoezi. Wale waliopungua kutoka 20 hata 5 walikuwa na majina. Walilazwa chini ya miti ya nyumba za babu zetu. Huenda wengine walisemwa kuwa wamerogwa, na mama zao wakanyoshewa kidole. Mwanafunzi wa mbali hufanya hesabu hiyo akafunga kitabu akaenda kula. Kijana wa Nyasura akiifanya, na akumbuke kwamba anahesabu makaburi ya kwao.

FITO ZA YAKOBO

Katika Mwanzo sura ya 30 twasoma jinsi Yakobo alivyopatana na Labani mjomba wake kuhusu mshahara. Wanyama wenye madoadoa na mabaka wangekuwa wa Yakobo. Labani, kwa ujanja wake, akawatenga wote wenye madoadoa akawapeleka mbali, akamwachia Yakobo wenye rangi moja. Yakobo akachukua fito mbichi, akazibambua maganda, akaziweka kwenye mabirika ya maji, ili wanyama wazitazame wakati wa kupandwa na kuzaa watoto wenye mistari. Naye akapata wanyama wengi wenye madoadoa.

Wengi husoma hadithi hiyo wakadhani siri ilikuwa katika fito. Lakini endeleeni hadi sura ya 31. Hapo Yakobo mwenyewe anawaeleza wake zake ndoto aliyoota. Malaika wa Mungu alimwambia ainue macho ayatazame madume yaliyopanda, aone alama zao. Mungu hakumwonyesha fito. Alimwonyesha wazazi wa wanyama. Na mwanafunzi wa jenetiki asomapo habari ya wanyama wa rangi moja waliozaa wenye madoadoa, hutabasamu, kwa kuwa anajua ya kwamba mnyama aweza kubeba ndani yake rangi isiyoonekana kwa macho.

Hatusemi kwamba Biblia ni kitabu cha chuo. Twasema kwamba sisi bado twatazama fito. Mtoto akizaliwa na ugonjwa twauliza: mama yake alipita wapi usiku? Alikula nini? Ni jirani gani aliyemkazia jicho? Ni babu gani ambaye hakuzikwa vizuri? Twazibambua fito mwaka hata mwaka, na mtoto anaendelea kulia kwa maumivu.

Yako maneno tunayoyasikia mara nyingi katika mitaa yetu. Mtoto wa kwanza anaugua selimundu, wa pili mzima, wa tatu anaugua tena. Wakwe wanasema, "Mwanamke huyu ana damu mbaya, kwetu hakuna ugonjwa kama huu." Mume anasikiliza ndugu zake, na baada ya muda mama anarudishwa kwao na watoto wagonjwa mgongoni.

Ndugu, elimu hii inamwambia nini mume huyo? Inamwambia hivi: mtoto mwenye SS amepokea S moja kwa mama na S moja kwa baba. Mama peke yake hawezi kumpa zote mbili. Mtoto anayeugua ni ushahidi kwamba baba naye anabeba urithi ule ule. Akimfukuza mkewe, ule urithi aliodhani ameufukuza unabaki nyumbani, katika damu yake mwenyewe. Na akioa mwingine ambaye naye ni AS, jambo la sebule ya kwanza litatokea katika sebule ya pili.

MENO YA WATOTO

Katika siku za nabii Ezekieli watu wa Israeli walikuwa na methali, kwamba wazazi hula matunda makali na watoto ndio wanaopata ganzi ya meno. Walikuwa uhamishoni, nao walijifariji kwa kulaumu waliotangulia. Mungu akaikataa methali hiyo. Akasema kwamba roho zote ni zake, ya baba na ya mwana sawasawa, na kila mtu atasimama kwa ajili ya dhambi yake mwenyewe.

Hapa yatupasa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Urithi wa mwili hupita kutoka kwa mzazi hata kwa mtoto. Hilo hatuwezi kulikana. Hatia haipiti hivyo. Mtoto aweza kurithi damu ya baba yake pasipo kurithi kosa lolote, kwa sababu katika jambo hili kosa halipo. Hakuna aliyetenda dhambi kwa kubeba S, kama vile hakuna aliyetenda wema kwa kubeba A.

Nao wanafunzi walipomwuliza Bwana Yesu ni nani aliyekosa, mtu yule au wazazi wake, aliwajibu kwamba si huyu wala si hao. Kisha akasema habari ya kazi za Mungu, na ya kwamba yafaa kuzifanya kungali mchana. Halafu akainama, akafanya tope, akampaka yule mtu macho. Wanafunzi walitaka kujua wa kulaumiwa. Bwana alitaka kujua la kufanya. Kanisa likibaki katika swali la wanafunzi baada ya Bwana kulijibu, limebaki nyuma ya Bwana wake.

DENI LETU

Sasa turudi kwenye hesabu za Musoma, kwa kuwa neno kuu bado hatujalisema. Kwa nini wenye AS waliongezeka miongoni mwa watu wazima? Allison alionyesha mwaka 1954 kwamba mtoto mwenye AS hupata kinga ya sehemu juu ya malaria kali. Haimzuii kabisa asiugue, lakini humpunguzia hatari ya kufa. Katika nchi yetu ya ziwa, malaria iliua watoto wengi sana wa AA. Wenye AS walipona zaidi, wakakua, wakaoa na kuolewa, wakawa babu na bibi zetu. Ndiyo sababu urithi huu haukutoweka ingawa wenye SS walikufa kwa wingi.

Fikirini maana yake. Wengi wetu tuketio kanisani Jumapili tuko hai kwa sababu bibi fulani, tusiyemjua jina, alibeba S moja akapona homa utotoni. Kitu kile kile kilichotuhifadhi sisi, kikikutana mara mbili katika mtoto mmoja, humtesa. Afya yetu na maumivu yake vimetoka katika mfuko mmoja.

Tusimsingizie Mungu hapa. Hatusemi kwamba Mungu aliwatoa watoto hao ili sisi tupone. Mungu si mfanya biashara wa watoto. Msalaba watuonyesha Baba aliyeingia mwenyewe katika maumivu. Lakini twasema kwamba mtoto wa selimundu si mgeni katika nyumba yetu, wala si mkosi wa ukoo fulani. Sisi tu wadeni wake. Paulo awaambiapo Wagalatia wachukuliane mizigo, sisi wa Mara twasikia zaidi ya amri ya huruma. Ni kulipa deni.

Wala jambo hili halijapita. Bugando, mwaka 2020, walitoa matokeo ya kupima damu za watoto wachanga zaidi ya 17,000 wa mikoa ya kaskazini-magharibi. Katika kila watoto 100, mmoja na ziada alikuwa na selimundu, na 20 hivi walikuwa wabebaji. Kwa nchi nzima, waganga hukadiria kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka.

Deni hulipwa kwa matendo. Mtoto wa selimundu akigunduliwa mapema aweza kukua, kusoma na kuwa mzee. Penisilini katika miaka ya kwanza humkinga na maambukizo. Chandarua na dawa za kuzuia malaria zampasa yeye kuliko wote, kwa kuwa kinga ile ya AS yeye hanayo. Iko pia dawa iitwayo haidroksiyurea, ambayo daktari akiiandika na kuisimamia hupunguza vipindi vya maumivu. Nyingine ni kazi zetu sote. Walimu, mruhusuni mtoto huyo anywe maji mara nyingi na msimwite mvivu akipumzika. Majirani, msimwache anyeshewe mvua na kupigwa na baridi. Vijana wenye nguvu, nendeni mkatoe damu hospitalini, kwa kuwa mara nyingi ni chupa ya damu inayomrudisha nyumbani. Wenye kipato, mchangieni bima ya afya mtoto mmoja wa mtaa wetu. Akina mama, mkamtembelee mama yake usiku ule mrefu.

KABLA YA KUTANGAZA NDOA

Wachumba huuliza: je, tupime damu? Jibu letu ni ndiyo, pimeni, tena mapema. Mpime kabla ya wazee kukaa na kukubaliana mahari. Ng'ombe wakishapelekwa na majina yakishatangazwa kanisani, ni vigumu mtu kuwa huru kufikiri.

Mmoja akiwa AA, hakuna mtoto wao atakayekuwa SS. Wote wawili wakiwa AS, mfano wake ni huu. Baba ana kibuyu chenye maharage mawili, jeupe na jekundu. Mama naye ana cha namna hiyo. Kila mimba, kila mmoja hutoa harage moja bila kutazama. Mara moja katika nne hutoka meupe mawili, mara mbili hutoka jeupe na jekundu, na mara moja hutoka mekundu mawili. Wala kibuyu hakikumbuki yaliyopita. Mtoto wa kwanza akiwa SS, haina maana kwamba watatu wafuatao watakuwa salama. Kila mimba huanza upya.

Wachumba wa AS wakiamua kuachana kwa amani, asiwepo wa kuwasema. Wakiamua kuoana hali wanajua, Kanisa liwabariki kwa furaha, liwashauri wapime kila mtoto mara azaliwapo, na liwe nao siku ya taabu. Majibu ya damu ni siri yao. Yasisomwe katika halmashauri wala kunong'onwa kisimani. Tena kipimo kiwe ushauri, kisiwe sharti la kulazimisha. Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, majimbo kadhaa yalilazimisha watu weusi kupimwa selimundu bila kuwaelimisha, na wengi wakaonewa kazini na katika bima kwa kuwa wabebaji tu, ingawa hawakuwa wagonjwa.

KWA KIJANA ALIYE CHUONI

Mwana wetu, binti yetu, uliye huko ukisoma kitabu hicho kinene: tunajua utaulizwa kama bado unaamini. Usiogope. Kujua jinsi mvua inavyofanyika hakujatuzuia kumshukuru Mungu kwa mvua. Zaburi ya 139 humsifu Mungu aliyetuunda tumboni mwa mama. Wewe umepewa kusoma kidogo maandishi ya kazi hiyo. Soma kwa heshima.

Lakini jihadhari na kosa la upande wa pili, la kudhani mtu ni mbegu yake tu. Kwa jina la elimu hii watu wenye digrii wametenda maovu. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu mwanamke kuondolewa uzazi kwa kisingizio kwamba ukoo wake una akili dhaifu. Mwaka 1933 serikali ya Hitler ilitunga sheria ya namna hiyo, na mwisho wake dunia iliuona. Hesabu zao zilivikwa joho la elimu. Walichokosa ni kumwona Kristo katika mtu dhaifu.

Tena usisahau waliokutuma. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, aliwahi kumfananisha msomi na mtu ambaye kijiji chenye njaa kimempa chakula chote kilichobaki, apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Asiporudi na kitu, amewasaliti. Huko Uingereza, Novemba 2023, iliidhinishwa kwa mara ya kwanza tiba inayorekebisha urithi wenyewe ndani ya chembe za mgonjwa wa selimundu. Mwezi uliofuata Marekani nayo ikaidhinisha, na bei yake huko ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Hesabu za Musoma zimewafundisha wanafunzi wa dunia nzima tangu 1956. Ni haki matunda ya elimu hiyo yafike Musoma, Bunda na Butiama. Nani atayaleta, au nani atapigania yaletwe, kama si wewe?

Nasi tuliobaki, tusingoje hiyo siku. Jumapili ijayo, mama yule akiingia na mtoto wake mgongoni, macho ya mtoto yakiwa ya manjano, tusiulizane ni nani aliyekosa. Tumpishe kitini, tumpokee mtoto, tumpe maji ya kunywa, kisha tumwulize mama siku yake ya kliniki ni lini, na ni nani kati yetu atakayemsindikiza.

Na tuombe:

Ee Mungu Baba, uliyetufahamu kabla hatujazaliwa, twakushukuru kwa uhai tuliopokea kwa mikono ya wengi tusiowajua. Uwatulize watoto wako walio katika maumivu usiku huu. Uwape wazazi wao upendo usiolaumiana. Uwape vijana wetu vyuoni akili ya kuchunguza na moyo wa kurudi. Nasi utufanye wepesi wa kubeba mzigo kuliko kutafuta mkosaji. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.